Mbuzi Wangu Ukutani

Hivi jamani, ukigawa kitu bure, inabidi na heshima yako uitoe kama nyongeza?

Nauliza kwa sababu leo asubuhi nimeshuka kwenye daladala, shati limekunjamana, kiatu kimoja kimekanyagwa na mtu ambaye hata samahani hakusema, nikainua macho, nikamwona mbuzi wangu. Yuko ukutani kwenye bucha, mkubwa kuliko mlango, anakaribisha wateja.

Sisemi mbuzi wa kufuga. Kwa chumba na sebule nifuge wapi? Ni mbuzi wa kuchora. Mchana nashika madaftari ya hesabu kwenye duka la watu. Usiku watoto wakilala nachukua penseli ya HB, nachora katuni, napitisha wino, kukikucha napiga picha kwa simu penye mwanga wa dirisha, nasafisha kwenye Krita, ambayo nayo ni programu ya bure, Mungu awape maisha marefu walioitengeneza. Halafu naweka mtandaoni. Bure. Chini naandika kwa adabu zote: chukua, sambaza, taja jina la mchoraji, usibadilishe, usifanyie biashara. Na masharti hayo si ya kujitungia. Ni leseni za Creative Commons, zipo tangu 2002, dunia nzima inazitumia, zina na herufi zake: BY ya kutaja jina, NC ya kutofanyia biashara, ND ya kutobadilisha. Nikiziweka pale chini najiona mtu wa kimataifa.

Wanaochukua mnawajua. Yupo aliyechukua katuni yangu ya kukatika umeme akaiandika juu "Asubuhi njema, uwe na siku yenye baraka", na maua. Yupo anayelalamika picha imefifia, nimtumie tena, ila iwe ndogo maana bando linaisha. Yupo aliyekata jina langu akaweka lake, kumwuliza ananiambia lile langu lilikuwa linaharibu picha. Hao nimewasamehe.

Lakini mbuzi!

Katuni ilikuwa hivi: muuza nyama kaegemeza kiwiko kwenye mizani, anaangalia pembeni, anapiga mluzi. Nyuma yake mbuzi anayening'inia kwenye ndoano katoa macho, anasema, "Jamani, mbona nilipokuwa hai sikuwa na kilo zote hizo?" Sasa bwana wa bucha kamwita fundi wa mabango. Fundi kafuta muuza nyama, kiwiko na mizani. Maneno ya mbuzi nayo kafuta, mahali pake kaandika KARIBUNI NYAMA SAFI, STEKI, MAINI, SUPU. Sura ya mbuzi kaiacha vilevile. Kwa hiyo pale barabarani kuna mbuzi aliyetoka macho kwa kudhulumiwa, mdomo wazi, anakukaribisha ndani uje umle. Na kwenye kwato, nilipotia sahihi yangu, kuna namba ya simu ya fundi.

Nikavuta pumzi. Nikafunga kifungo cha juu cha shati. Nikaingia.

"Habari za asubuhi, bosi."

"Salama, kaka. Nusu au kilo?"

"Mimi ndiye mwenye mbuzi."

Akachungulia nje. "Umemfunga wapi? Leo sinunui, nina wawili hawajaisha."

"Yule wa ukutani."

Akaweka shoka chini. Nikajua sasa naombwa radhi, nikaanza hata kupanga namna ya kuipokea.

"Kumbe ni wewe! Nimekutafuta sana! Yule mbuzi wako ananiulia biashara. Jana mtoto kamwangalia, kalia, mama yake kaenda kununua dagaa. Hebu mchoree tabasamu."

"Bosi, mbuzi gani atatabasamu yuko kwenye ndoano?"

"Wa kwangu atabasamu."

Nikamweleza taratibu habari ya BY, NC na ND. Akauliza hizo ni namba za gari la nani. Nikamtajia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999. Akauliza mwaka huo nilikuwa darasa la ngapi. Nikamtajia COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki. Akasema kwani wewe ni Kipanya, yule mchora katuni maarufu? Ukishakuwa Kipanya njoo tuzungumze.

"Msanii, bure uliandika au hukuandika?"

"Niliandika, lakini kwa masharti."

"Mimi nikikupa mfupa bure, nitakufuata mpaka kwako kuangalia unachemsha au unampa mbwa?"

Wateja wakaangua kicheko. Mama mmoja wa kikapu, ambaye nilikuwa namtegemea kwa jinsi alivyokuwa anatikisa kichwa, akasema, "Kweli kabisa. Ukitoa umetoa, mwanangu."

"Na fundi umempa shilingi ngapi?"

"Elfu themanini. Rangi juu yangu."

"Elfu themanini! Kwa kufuta?"

"Kapanda ngazi yule. Wewe ulipanda ngazi?"

Fundi mwenyewe hakuwa mbali, kaitwa akaja na suruali yake ya rangi kumi. Kanishika mkono kwa heshima, kaniita mkongwe. Akasema kazi yangu anaikubali sana, ila pembe moja ilikuwa fupi, keshanirekebishia, na hilo hanidai.

Hanidai!

Hapo ustaarabu ukaniaga. Nilisema maneno ambayo kifungo cha juu cha shati hakikustahili kuyasikia. Lile sikio tu mimi nimelifuta mpaka karatasi ikatoboka, mgongo hauna hali, mke anauliza taa itazimwa lini, halafu mtu ananipunguzia deni la pembe? Nikatoa simu, nikafungua katuni halisi, nikaizungusha kwa wateja mmoja mmoja. Mama wa kikapu akaisoma kwa sauti. Kimya. Wote wakageuka kuangalia mizani ya kweli. Kiwiko cha bosi kilikuwa juu yake. Akakiondoa polepole, na nyama ya yule mama, mbele ya mashahidi, ikapungua.

Sitaki kueleza kilichofuata. Mimi sikukaa, nilishachelewa kazini. Huko nako tajiri kasema sababu ya mbuzi hajawahi kuisikia, na siku yangu kaikata.

Nyumbani mke kanipa pole nzuri tu, ila anazo habari zake. Kasikia kwamba Gado, yule mchora katuni, ni wa hapahapa Dar, 1992 akaenda zake Nairobi kuchorea gazeti la Nation, na tangu asikie hivyo kila nikishika penseli ananiuliza nauli ya Nairobi siku hizi ni shilingi ngapi. Sijui anataka niende nikatafute kazi au niende tu.

Shemeji yangu naye katuma picha ya pasipoti. Anataka achorwe amesimama, amevaa suti, na gari nyuma yake. Gari hana. Suti hana. Na kwenye picha ya pasipoti miguu naitoa wapi? Nimemwandikia anipigie tuelewane vizuri.

Kabipu.

Nimesubiri apige. Kabipu tena.