Kura Tatu: TANU ilishinda, au iliachiwa?

Kila Desemba 9 ikikaribia, hoja ile ile huibuka: Tanganyika ilipigania uhuru wake au ilipewa? Wanaosema ilipewa wana ushahidi, tena si mdogo. Tangu 1946 nchi ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, kwa hiyo Mwingereza alikuwa na mahali pa kuulizwa. Walowezi walikuwa wachache kuliko wa Kenya, na hali ya hatari iliyotangazwa huko mwaka 1952 ilikuwa imeifundisha London gharama ya kung'ang'ania. Gavana Richard Turnbull, aliyeingia mwaka 1958, alitokea Kenya huko huko. Ya risasi alikwisha kuyaona.

Hayo yote ni kweli. Lakini hayaelezi kasi. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotembelea nchi mwaka 1954 ulidhani uhuru ungeweza kupatikana katika miaka 20 au 25, na Gavana Twining aliona hata huo ni uharaka. Ukaja baada ya miaka saba. Udhamini peke yake haukufanya hivyo: mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika New York kuwatetea Wameru walioondolewa Engare Nanyuki, akasikilizwa vizuri, na ardhi haikurudi. Alichokuwa nacho ni kesi ya haki. Chama chenye matawi nchi nzima, yaani TANU iliyokuja kuongozwa na Nyerere, kilikuwa bado hakijazaliwa.

Kwangu mimi, kiini cha jambo kiko kwenye mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958. Serikali ilikuwa imeandaa uchaguzi wa ajabu. Mwenye haki ya kupiga kura ni yule mwenye kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotambuliwa. Akishaingia kituoni, anatakiwa kuchagua watatu kwa mpigo: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Akimchagua Mwafrika peke yake, kura imeharibika. Viti sawa kwa kila rangi, katika nchi ambayo karibu watu wote ni Waafrika! Kukubali mpango huo kulionekana kama kuutia saini ubaguzi.

Wajumbe wengi walitaka kususia, na hoja yao ilikuwa na mantiki kamili. Nyerere alisimama upande wa kuingia. Hesabu yake ilikuwa kavu: ukisusia, viti vinachukuliwa na UTP (United Tanganyika Party), chama kilichoanzishwa kwa baraka za serikali, kisha Gavana anauambia ulimwengu kwamba hao ndio wawakilishi wa wananchi. Mkutano ukamfuata. Zuberi Mtemvu, aliyeupinga uamuzi huo, akajitoa TANU na kuunda chama chake, ANC.

Halafu ndipo TANU ikaugeuza mtego. Kwa kuwa kila mpiga kura lazima amchague Mwasia na Mzungu, chama kikawaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubaliana nacho, akina Amir Jamal, Sophia Mustafa na Derek Bryceson. Uchaguzi ulipomalizika Februari 1959, UTP ilikuwa imefagiliwa. Kanuni iliyobuniwa kuwagawa wapiga kura ndiyo iliyoipa TANU viti vya rangi zote tatu.

Tusidhani kwamba njia hiyo ilikuwa ya starehe. Mwaka huo huo wa 1958, wananchi wa Geita walipolikataa baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, walikutana na polisi na mabomu ya machozi. Nyerere alishtakiwa kwa kashfa kutokana na maandishi ya Sauti ya TANU, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au jela miezi sita. Alilipa. Wapo walioona angechagua jela, apate sifa ya shahidi. Nadhani alifanya sawa: uchaguzi ulikuwa mlangoni na chama kilimhitaji majukwaani.

Ninapowapa wakosoaji haki yao ni kwenye kilichofuata. Uhuru uliopatikana kwa makubaliano huja na vyombo vya mkoloni vikiwa vizima. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi ilipitishwa mwaka 1962 na serikali yetu wenyewe, na haikuhitaji kubuni dola mpya ili ifanye kazi. Jeshi nalo lilibaki na maafisa wa Kiingereza. Januari 20, 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi wakidai mishahara na maafisa Waafrika, na siku tano baadaye makomando wa Uingereza wakateremka Dar es Salaam kuwanyang'anya silaha, kwa ombi la serikali iliyopata uhuru bila kufyatua risasi. Jeshi lile likavunjwa. Lililoundwa Septemba mwaka huo lilianza kuwatafuta vijana wake ndani ya Umoja wa Vijana wa TANU.