Hakuhama, Klabu Ndizo Zilizomhama

Mdogo wangu anaweka jezi zake kwenye katoni ya sabuni chumbani kwangu hapa Kondele, Kisumu. Ziko tisa, za klabu tisa, kwa miaka 12 ya kucheza mpira wa kulipwa. Majuzi mvua ilipenya dirishani, ikabidi nizitoe na kuzianika kwenye kamba nyuma ya nyumba. Zilipokuwa zimening'inia zote pamoja ndipo nikaona jambo nililokuwa sijaliona miaka yote hiyo. Yeye ni mshambuliaji wa kati, lakini jezi yenye namba 9 mgongoni, ile ya nafasi yake, ni moja tu. Nyingine ni 19, 27, 14, 30, namba za kuokotezwa. Nilimpigia simu kumuuliza. Akajibu kama mtu anayetaja bei ya unga: "Dada, ukisajiliwa Januari unakuta namba nzuri zimeshachukuliwa."

Nimeamua kuandika kwa sababu ya neno moja ninalolisikia viwanjani kumhusu yeye na wenzake. Mamluki. Nililisikia Mamboleo, nikiwa nimeketi mbele ya wanaume wawili waliokuwa wakila njugu. Mmoja alisema, "Huyu huwa hakai. Amecheza kila mahali, leo yuko hapa kesho yuko kule, anafuata pesa." Sikugeuka. Koo langu lilikuwa limekauka na nilijua nikifungua mdomo nitalia. Leo nataka kumjibu yule bwana, popote alipo.

Hakuhama. Katika klabu hizo tisa, mbili ndizo alizoziaga kwa hiari yake, akitafuta pazuri zaidi kama mtu yeyote anayefanya kazi. Saba zilimhama yeye. Mbili ziliachwa na mdhamini, na moja ikashushwa daraja, wachezaji wakatawanywa kwa ujumbe wa simu. Kwingine mara tatu alikuja kocha mpya na vijana wake mkononi, na namba 27 akaambiwa atafute timu. Iliyobaki ilikaa miezi mitano bila kumlipa hata shilingi.

Huku kwetu magharibi mwa Kenya, ukitaka kujua kwa nini washambuliaji wanazunguka hivi, anza na miwa. Kulikuwa na wakati ambapo kiwanda cha sukari kilikuwa na timu ya mpira jinsi kilivyokuwa na zahanati na shule. Mumias ilikuwa nayo, Nzoia nayo, na Chemelil, Muhoroni, hadi Awendo kule kusini. Kijana aliyekuwa akifunga mabao mashinani alijua mahali pa kupeleka miguu yake, na mara nyingine kazi ndogo kiwandani ilikuja pamoja na jezi. Na hazikuwa timu za kujaza nafasi. Sony Sugar ya Awendo ilitwaa ubingwa wa ligi kuu 2006, ikawaacha nyuma vigogo wa Nairobi. Kisha sukari ikaugua, na timu zikaugua nayo. Mwaka 2019 kampuni ya Mumias iliwekwa chini ya mrasimu, msimamizi wa mali ya kampuni iliyoshindwa kulipa, kwa sababu ya madeni. Mwaka huohuo Sony Sugar ilitimuliwa ligini baada ya kushindwa kufika uwanjani kwa mechi tatu. Chemelil ikashuka daraja 2020. Hapa Kisumu, Western Stima, iliyokuwa ikiegemea kampuni ya umeme, ilimpoteza mdhamini wake mwaka huo wa 2020.

Wadhamini wa ligi nzima nao walikuja na kuondoka kama mvua ya vuli. SportPesa, kampuni ya kamari, ilijitoa 2019. BetKing, nayo ya kamari, ikaja 2020 na ahadi ya shilingi bilioni 1.2 kwa miaka mitano, na mwaka uliofuata ikawa imeshaondoka. Mchezaji aliyetia saini akitegemea ile miaka mitano angefanya nini? Alikuwa na kodi ya nyumba na mtoto wa kunyonya. Mdogo wangu alikuwa na vyote viwili.

Kinachoniuma zaidi ni jinsi tunavyogawa heshima. Mshambuliaji wetu Michael Olunga amecheza Uswidi, Uchina, Uhispania, Japani na Qatar. Tunamwita fahari yetu, na ni fahari kweli. Novemba 2019 alifunga mabao manane peke yake klabu yake ya Japani, Kashiwa Reysol, ilipoichapa Kyoto Sanga 13-1, na msimu wa 2020 akapachika 28 katika ligi kuu ya Japani, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi. Nilishangilia mpaka majirani wakatoka nje. Lakini naye amehamahama! Tofauti ni kwamba alipohama yeye, magazeti yalitaja bei. Ukihama na bei unaitwa mtu anayepanda ngazi. Ukihama na begi na nauli ya kukopa unaitwa mtu asiyetulia.

Au mtazame Allan Wanga, mfungaji bora wa ligi yetu 2007 akiwa klabu ya Tusker. Aliuza mabao yake Angola kwa Petro Atlético, Azerbaijan kwa FC Baku, Vietnam kwa Hoang Anh Gia Lai, Sudan kwa Al-Merrikh na Tanzania kwa Azam. Katikati ya safari hizo alikuwa akirudi nyumbani, akavaa jezi za Sofapaka na AFC Leopards, na mwishoni akacheza Kakamega Homeboyz. Wazee wetu walisema mtembea bure si mkaa bure, huenda akaokota. Sasa fikiria mtu anayetembea kwa kazi, anayefunga kila anapotua, katika lugha asizozijua na vyakula asivyovizoea. Kwangu mimi huo ni ufundi unaostahili kuvuliwa kofia.

Na kuna Elvis Rupia. Alitoka Nzoia Sugar ya Bungoma akaenda Power Dynamos ya Zambia, akarudi, akapitia Wazito na AFC Leopards, kisha msimu wa 2022/23 akafunga mabao 27 akiwa na Kenya Police. Rekodi iliyokuwepo ilikuwa ya Maurice Ochieng, yule Sonyi wa Gor Mahia, mabao 26 ya mwaka 1976. Ilikaa miaka 47 ikiwangoja washambuliaji wote waliopita kati yao, na aliyeivunja ni mtu wa begi mkononi.

Watu hawajui kazi ya mshambuliaji mgeni. Beki akihamia timu mpya bado atapiga mpira kwa kichwa kama alivyokuwa akiupiga, na kipa atadaka vilevile. Mshambuliaji anaishi kwa miguu ya wengine. Ni lazima ajue wing'a anakata krosi kwa mguu upi, anainua kichwa wakati gani, na kiungo akibanwa hutupa mpira wapi. Hayo hayamo kwenye mkataba. Siku moja nilimpelekea mdogo wangu dawa ya kifundo cha mguu mazoezini, kwenye uwanja wa shule wenye vumbi jekundu. Wenzake walikuwa wameshaenda bombani kunawa. Yeye alikuwa amembakisha wing'a wa kushoto, kijana wa miaka 19 hivi, akamuuliza, "Ukiinua kichwa, unaniangalia mimi au unaangalia goli?" Kijana akafikiri, akasema, "Namwangalia beki." Mdogo wangu akapiga makofi kwa furaha. "Basi beki akisogea tu, utupe nyuma yake. Usinitafute. Mimi nitakuwa nimeshafika."

Walirudia jambo hilo mpaka jua likazama. Jumamosi mpira ule ulikuja mara moja tu, kipindi cha pili, nyuma ya beki, na yeye alikuwa ameshafika. Aliusukuma kwa ugoko, ukaingia polepole huku kipa akiutazama. Timu iliyokuwa mkiani ikapata alama tatu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo, na mwenyeji alipona kweli, kwa sababu msimu huo hawakushuka daraja. Juni mkataba wa miezi sita ukaisha, kocha akaondoka, na mwenyeji hakumpigia simu tena mgeni wake. Alikokwenda alikuta wing'a mwingine, mguu mwingine, na mashabiki waliokuwa wakihesabu kwa sauti: mechi tatu hana bao, mechi nne hana bao.

Sisemi wote ni malaika. Wapo wanaotia saini klabu mbili kwa wiki moja, na wapo wanaoipa mgongo timu iliyowalea, na hao wanawaharibia wengine jina. Ila ni wachache kuliko tunavyopenda kuamini, na kosa lao hutangazwa redioni, ilhali kosa la klabu humalizikia nyuma ya mlango wa ofisi.

Ile klabu ya miezi mitano, kwa mfano. Alitia saini kwenye meza ya hoteli, kalamu ikiwa ya katibu, mkataba ukachukuliwa kwenda "kupigwa muhuri", na nakala akaambiwa ataletewa. Haikuletwa. Alipochoka kudai alitaka kuondoka, wakakataa kumpa barua ya kumwachilia mpaka alipe pesa, yeye, aliyekuwa akiwadai wao! Alikaa kwangu nusu msimu. Alfajiri alikuwa akikimbia kupandisha vilima vya Riat, anarudi amelowa jasho, anakunywa chai ya rangi na kukaa kimya. Nilikuwa nikiondoka kwenda kuuza mitumba Kibuye nikimwacha ameketi akitazama mlango.

Kanuni za FIFA ziko wazi. Klabu isipomlipa mchezaji mishahara ya miezi miwili, anaweza kuipa notisi ya maandishi ya angalau siku 15, na wasipolipa ana haki ya kuuvunja mkataba na kwenda zake. Mdogo wangu alikuja kulijua hilo akiwa kwenye klabu yake ya saba, baada ya mchezaji mwenzake kumpeleka kwa KEFWA, chama cha wanasoka wa Kenya. Hata hivyo haki hiyo inahitaji karatasi. Bila nakala ya mkataba utathibitishaje kwamba unadai, na kiasi gani?

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa klabu, hata zile ndogo zisizo na kitu: mpeni mchezaji nakala yake palepale mezani, wino ukiwa haujakauka. Haigharimu zaidi ya bei ya kutoa fotokopi. Shirikisho la soka nalo lisimsajili mchezaji yeyote mpaka yeye mwenyewe athibitishe kwamba nakala anayo mkononi. Na wewe bwana wa njugu pale Mamboleo, siku nyingine ukimwona mshambuliaji wa miaka 33 anaingia dakika ya 70 na namba 30 mgongoni, uliza kwanza klabu yake ya mwisho ilimlipa mpaka mwezi gani.

Wiki iliyopita alipata timu ya kumi. Ni ya daraja la pili, mbali kidogo, na wanataka mabao ya kuwaokoa. Alikuja kuchukua begi na njumu zake, akala ugali na omena, akambeba binti yangu mgongoni kuzunguka nyumba mara mbili. Nilimsindikiza mpaka kituo cha matatu. Kabla hajapanda nilimwambia anipe mkataba. Aliutoa ndani ya begi, katikati ya soksi, ukiwa na muhuri na saini zote mbili. Kondakta alikuwa akipiga kelele kwamba gari linaondoka. Nikauweka juu ya kiti cha mbele na kuupiga picha kwa simu yangu, ukurasa kwa ukurasa, yote sita.