Bando lisilo na kikomo lipimwe kwa kasi inayobaki

Katika biashara ya intaneti hakuna maneno yanayozomewa kama "bila kikomo". Mteja analipia kifurushi cha rauta cha mwezi, wiki ya pili video zinaanza kuzungukazunguka, akipiga huduma kwa wateja anaambiwa amevuka kiwango cha matumizi ya haki, kasi imepunguzwa. Mtaani hukumu inatoka hapo hapo: wizi mtupu, bora bando la GB, maana GB 5 ni GB 5.

Hasira hiyo haikutoka hewani. Mwaka 2014 tume ya Marekani ya kulinda walaji, FTC, iliishtaki kampuni ya AT&T kwa kuwauzia watu intaneti isiyo na kikomo kisha kuwabana kasi, wengine baada ya kutumia GB 2 tu kwa mwezi. Walioguswa walikuwa zaidi ya milioni 3.5. Mwaka 2019 kesi ikaishia kwa kampuni kukubali kulipa dola milioni 60 pamoja na sharti la kuitangaza mipaka ya kasi waziwazi. Lakini tazama sharti lenyewe: kilichokatazwa ni kuficha. Kupunguza kasi hakukupigwa marufuku.

Na hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Wanachukua bei ya mwezi, wanagawa kwa GB za kabla ya kubanwa, wanapata "bei ya GB". Hiyo ni kuhesabu kana kwamba kifurushi kimekufa siku ile kasi iliposhuka. Hakijafa. Kasi inaandikwa kwa megabiti kwa sekunde (Mbps) na bando kwa megabaiti (MB), na baiti moja ina biti nane. Kwa hiyo Mbps 1 ni MB 0.125 kwa sekunde, na siku ina sekunde 86,400: jumla MB 10,800. Yaani mteja "aliyekatwa" hadi Mbps 1 bado ana uwezo wa kuvuta GB 10.8 kwa siku. Ni bando gani la siku linakupa hizo?

Sasa weka upande wa pili kwenye mizani hiyo hiyo. Bei elekezi ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliyozungumzwa sana wakati wa sakata la bei za vifurushi la Aprili 2021, ilikuwa kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa MB. Chukua mfano wa bando la siku la shilingi 1,000 kwa MB 450. Kwenye karatasi ni shilingi 2.22 kwa MB, karibu kabisa na sakafu ya bei elekezi hiyo. Lakini muda unaisha na MB 150 zimebaki, zinafutika. Umetumia 300 kwa shilingi 1,000, na MB yako imekugharimu shilingi 3.33. Hakuna ujumbe wa simu utakaokuonyesha bei hiyo.

Mabaki hayo ndiyo yanayobadilisha jibu zima. Tuseme kifurushi cha rauta kisicho na kikomo ni shilingi 70,000 kwa mwezi. Kwa shilingi 2.22, kinaanza kukulipa ukivuka GB 31 na nusu. Kwa 3.33, kinaanza kulipa kwenye GB 21, ambazo ni MB 700 kwa siku. Video ya YouTube ya ubora wa 360 inahitaji takribani Mbps 0.7, sawa na MB 315 kwa saa. Saa mbili na robo za video kwa nyumba nzima, baba, mama na vijana wawili, zinatosha kufika hapo. Nyumba nyingi zinalipia zaidi ya hapo, ila kwa vipande vya elfu moja moja, kila mtu na laini yake, kwa hiyo hakuna anayejumlisha.

Wa bando la GB wana hoja zao. Shilingi 70,000 kwa mkupuo si sawa na elfu moja kila siku ambayo pesa imepatikana. Anayeishi kwa kipato cha siku hachagui kwa kikokotoo. Rauta inataka umeme na inabaki nyumbani, bando linatembea na simu. Mtu wa WhatsApp na kusoma habari hafiki GB 10 kwa mwezi, na kumuuzia rauta ni kumwonea. Kuna jambo jingine lisilosemwa dukani: ukihamia Wi-Fi matumizi yanapanda yenyewe. Simu huiona Wi-Fi kama ya bure, inapandisha picha zote hifadhini na kusasisha programu bila kuuliza, video nazo zinarukia ubora wa 1080, ambao unahitaji Mbps 5. Kiwango cha haki kinaliwa na simu zenyewe. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo na kuiambia simu kuwa data yake inapimwa, kwenye iPhone kuwasha hali ya data kidogo, na kompyuta ya Windows ifanyiwe vivyo hivyo.

Kabla ya kulaumu kubanwa, pima kasi mara mbili: saa tatu usiku na saa kumi alfajiri. Usiku ikiwa Mbps 2 na alfajiri 10, mnara umejaa watu, na kurudi kwenye bando la GB la mtandao huo huo hakutakusaidia, kwa sababu mnara ni ule ule. Mara zote mbili ikigonga namba ile ile, tuseme 1.0, hapo umebanwa.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji kabla ya kulipa ni: nikivuka kiwango, kasi inayobaki ni ngapi? Akisema Mbps 1, familia inayotumia GB 15 kwa siku na kuvuka kiwango cha GB 150 siku ya 10 itashuka hadi GB 10.8 kwa siku. Mtu mmoja ataangalia video ya 360, wawili kwa pamoja watagombana. Akisema kbps 128, yaani karibu Mbps 0.13 tu, hesabu inageuka: ni GB 1.4 kwa siku, WhatsApp ya sauti inapita, video haipiti, na siku 20 zilizobaki mtazimaliza kwa kuunga bando la GB juu ya kifurushi mlichokwisha kulipia. Akisema hajui, mwambie afungue masharti kwenye simu yake, mwisome wote pale pale.