Imehama, Haijafa

Ami yangu alikuwa baharia. Mwaka 1984 alirudi Mombasa na sanduku la bati, na ndani yake, katikati ya mashati na sabuni za kunukia, mlikuwa na kompyuta iitwayo ZX Spectrum: kidude cheusi chenye vibonye vya mpira, kinachochomekwa kwenye televisheni na kupokea programu zake kutoka kaseti ya kawaida ya redio. Watoto wote wa nyumba yetu ya Kibokoni tulikuwa tukikaa chini, tukisikiliza kaseti ikipiga kelele dakika kadhaa, mpaka picha itokeze na sisi tupige makofi. Ami ametangulia mbele ya haki. Sanduku nililifungua mwaka jana.

Nusu ya vibonye havikuitika. Chini ya vibonye vya mashine hii mna utando mwembamba wa plastiki ambao ukizeeka hukauka na kukatika. Adapta yake nayo ilikuwa imepotea, na hapo pana hatari: Spectrum inataka volti 9 na hasi iko katikati ya plagi, kinyume na adapta nyingi za siku hizi. Ukikosea, umeiua.

Nilianzia tunakoanzia wengi, kwenye Wikipedia, kamusi elezo ya mtandaoni. Ilikuwa na makala kuhusu tovuti moja ya wapenzi wa kompyuta kongwe, ambayo ndiyo hasa niliyoihitaji. Sentensi ya kwanza ilisema tovuti hiyo "ilikuwa", na kwenye kisanduku cha pembeni, mbele ya neno "hali", paliandikwa kwamba imefungwa. Nikakata tamaa. Wiki tatu baadaye fundi wa simu wa Mwembe Tayari akanionyesha kwamba watu ni wale wale, wamehamia anwani nyingine tu. Nikauliza swali langu, na usiku ule ule mzee mmoja wa Uingereza akanichorea waya wa adapta kwa mkono na kuniambia pa kuagizia utando mpya.

Wiki tatu si kitu. Ila najiuliza ni wangapi waliosoma "ilikuwa" wakaitupa mashine ya mzee wao. Maarifa haya hayako dukani. Sinclair, waliotengeneza Spectrum, waliiuzia kampuni ya Amstrad biashara yao ya kompyuta mwaka 1986, na tangu hapo waliobaki na elimu ya kuzitengeneza ni wapenzi wenyewe, kama wale waliokusanyika kwenye tovuti ya World of Spectrum tangu 1995 wakihifadhi kaseti, majarida na vitabu vya maelekezo. Kumwambia mtu kwamba watu hawa hawapo ni kumfungia mlango wa mwisho.

Neno lile linafikaje pale? Simshuku mtu ubaya. Mhariri wa kujitolea anafungua anwani, haifunguki, anageuza "ni" kuwa "ilikuwa". Anayekuja baada yake haulizi tena, na tovuti nyingine zinanakili. Lakini anwani kutofunguka ni jambo la kila siku. Utafiti wa mwaka 2024 wa Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, ulikuta kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mtandaoni mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye, na kwamba asilimia 54 ya kurasa za Wikipedia walizozichunguza zilikuwa na angalau kiungo kimoja kilichokufa kwenye marejeo yake. Nyumba ya Mji wa Kale ikifungwa komeo hatusemi wenyewe wamekufa. Tunauliza jirani, tunaambiwa wako Kisauni.

Na hata pale neno linapokuwa kweli, halitoshi. AtariAge, tovuti ya wapenzi wa mashine za michezo za Atari, ilinunuliwa na kampuni ya Atari mwaka 2023. Kwenye kisanduku ilikuwa hai kabla, na baada ya hapo ikawa hai vile vile, ilhali kwa wanachama jambo kubwa lilikuwa ni nani sasa ameshika funguo. Aminet imekuwa ikipokea faili za Amiga, kompyuta nyingine kongwe, tangu 1992. Anayepima uhai kwa gumzo atadhani pamehamwa, kumbe ni ghala, na ghala halipigi kelele. GeoCities, tovuti ambamo watu walijitengenezea kurasa zao, ilifungwa kweli na Yahoo mwaka 2009, lakini watu wa Archive Team, wanaojitolea kuhifadhi tovuti zinazofungwa, walikuwa wameshanakili sehemu kubwa ya kurasa zake, kwa hiyo mengi yaliyokuwamo yanasomeka hadi leo. Hali tatu tofauti kabisa, na kisanduku kwa kawaida huandikwa moja ya maneno mawili tu: hai au imefungwa.

Hapa ndipo Kiswahili kinaponipa matumaini. Lugha yetu haimlazimishi mtu kuchagua baina ya "ni" na "ilikuwa". Tunayo "ingali", tunayo "imehama", tunayo ile "-ja-" inayoacha mlango wazi: haijarudi si sawa na hairudi. Natamani wanaoandika Wikipedia ya Kiswahili walitumie jambo hili kwa makusudi, na kila wanapotaja hali ya tovuti waweke tarehe waliyoichungulia.

Nitajibiwa kuhusu vyanzo. Kanuni ya umaarufu inataka mada iwe imeandikwa kwa kina na vyanzo huru vya kuaminika, na magazeti hayaandiki habari za watu mia mbili wanaobadilishana michoro ya saketi. Kanuni yenyewe naielewa, inazuia uongo mwingi. Ila mtu wa Mvita anajua upungufu wake. Muyaka bin Haji alifariki karibu mwaka 1840, na kwa miongo mashairi yake yaliishi vinywani na vifuani mwa watu wa mji huu, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya na mmisionari W. E. Taylor akayahifadhi kwa maandishi. Aliyepita hapa mwaka 1860 akitafuta kitabu angeondoka akidhani hakuna mshairi. Angalikaa barazani jioni moja tu, angalisikia.

Tena kanuni zenyewe za Wikipedia zinaruhusu tovuti itumike kuwa chanzo cha habari zake yenyewe, ikiwa jambo si la ubishi. Tangazo la kuhama ni jambo la namna hiyo. Kwa hiyo kisingizio cha kukosa chanzo, kwenye suala hili la hali, sikikubali.

Nimeandika kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala ile, nikaweka tangazo la wenyewe na tarehe yake. Utando mpya umeshaingia kwenye Spectrum ya ami, na watoto wa dada yangu wanaigombania. Siku saba zimepita, hakuna aliyepinga. Leo baada ya Isha nalibadilisha lile neno mwenyewe.