Barafu Ikishayeyuka, Vua kwa Kipimajoto

Barafu inapoondoka kwenye maziwa ya Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, ufuo wa maziwa ya mjini kama Phalen kule St. Paul na Nokomis kule Minneapolis hujaa watu wenye hamu. Wamekaa miezi minne au mitano wakitazama maji yaliyoganda. Wengi hufika alfajiri, hutupa ndoano mbali kadiri mkono unavyoweza, huzamisha chambo hadi chini kabisa, na saa nne asubuhi hufungasha wakisema ziwa halina samaki. Samaki wapo. Kwa siku zile hawapo kule ndoano ilikotupwa, na saa ile hawana njaa.

Aliyekulia Mwanza au Kisumu ana kila sababu ya kukosea hapa. Ziwa Victoria maji yake ni ya joto mwaka mzima, na mvuvi wa kule husoma upepo, mvua na mwezi. Alfajiri ni saa yake. Huku kaskazini, wiki tatu au nne za mwanzo wa machipuko, kinachoamua karibu kila kitu ni joto la maji, na alfajiri ndiyo saa ambayo maji ni baridi kuliko zote. Kwa hiyo nasema bila kusita: mwenye fimbo ya bei rahisi na kipimajoto cha dola chache atavua kuliko mwenye fimbo ya dola mia mbili anayefuata kalenda.

Inafaa kuelewa kwa nini. Maji huwa mazito zaidi yakiwa kwenye nyuzi 4 za Selsiasi. Wakati wa baridi, maji yaliyo chini ya barafu huwa karibu na sifuri kwa juu, na yale ya nyuzi 4 hukaa chini kwa sababu ya uzito wake. Barafu ikiondoka, jua hupasha maji ya juu, nayo yakikaribia nyuzi 4 huzama. Upepo husaidia, na kwa siku kadhaa ziwa lote hujichanganya juu hadi chini. Siku hizo ziwa zima lina joto karibu sawa, samaki wametawanyika, na uvuvi ni mgumu kwa kila mtu. Baada ya hapo ndipo maji ya kina kifupi yanapoanza kuyaacha nyuma maji ya katikati, na wadudu wa kwenye tope, visamaki vidogo na wanaowala wote husogea huko.

Kipimajoto kifungwe kwenye kamba yenye fundo kila baada ya nusu mita na chubwi, yaani kizito cha kuzamisha, kidogo chini yake. Kishushe, subiri dakika mbili kamili, kisha kitoe na ukisome upesi kabla hewa haijakibadilisha. Kosa la kawaida ni kukichovya ukingoni sekunde kumi na kuondoka na namba isiyo ya kweli. Pima futi tatu kutoka ufuoni, pima mwisho wa gati, kisha uende upande wa pili wa ziwa upime tena. Tofauti ya nyuzi 2 inatosha kukuonyesha pa kukaa. Fimbo isitoke kwenye mfuko kabla ya kazi hiyo kwisha.

Mara nyingi namba ya juu utaikuta upande wa kaskazini wa ziwa. Jua la Machi na Aprili huku bado limeinama kusini, hivyo ufuo wa kaskazini ndio unaolipokea kutwa, na miti au mwinuko ulio nyuma yake huuzuia upepo baridi unaotoka kaskazini. Ghuba ndogo ya upande huo, yenye kina cha mita moja hadi mbili na tope jeusi chini, hupata joto kabla ya sehemu nyingine zote, kwa kuwa tope jeusi hunyonya jua na mchanga mweupe hulirudisha. Tafuta humo kitu cha kujifichia: matete makavu ya mwaka jana, mashina ya mayungiyungi, mti ulioangukia majini. Ghuba yenye tope tupu inaweza kuwa na joto zuri na bado samaki wakaipita tu.

Upepo hafifu wa kusini ukivuma siku mbili tatu mfululizo husukuma maji ya juu, yaliyopata joto, na kuyarundika upande wa kaskazini. Hizo ni siku za kuomba ruhusa kazini. Upepo mkali na baridi ukiingia moja kwa moja kwenye ghuba hiyohiyo huyavuruga maji na kulifuta joto la siku nzima kwa saa chache. Kuhusu vijito, watu hudanganyika sana. Wanasikia kwamba mdomo wa kijito ni mahali pazuri, wanakwenda theluji ikiwa bado inayeyuka, na maji yanayoingia pale ni ya baridi kuliko ziwa lenyewe. Mdomo wa kijito hufaa baada ya mvua ya kwanza ya vuguvugu. Pima, usikisie.

Ukiwa na namba mkononi, utajua ni samaki gani wa kumtafuta. Paiki (northern pike) hutaga mara tu barafu inapoondoka, kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Wolai (walleye) hufuata maji yakiwa nyuzi 6 hadi 10, penye mawe na changarawe, lakini huko Minnesota msimu wa wote wawili kwenye maziwa ya ndani hufunguliwa katikati ya Mei, hivyo wakikamata ndoano yako Aprili warudishwe majini papo hapo. Perchi wa manjano (yellow perch) hutaga nyuzi 7 hadi 11, na mayai yake ni utepe mrefu kama wavu unaoning'inia kwenye magugu na matawi. Ukiuona, usiukanyage wala kuuvuta. Kwa jina la Kiingereza perchi na sangara wetu huitwa ndugu, ila ni koo tofauti kabisa, na ukubwa wao hauna hata haja ya kulinganishwa.

Samaki wa kumtegemea wakati huu ni krapi (crappie), na pembeni yake blugili (bluegill), yule wa bapa ambaye ukimtazama haraka utadhani ni sato mdogo. Msimu wao uko wazi mwaka mzima. Maji ya ghuba yakifika nyuzi 7 au 8 hivi krapi huanza kuingia mchana na kutoka usiku. Yakifika 10 hukaa kwa siku nyingi, na hutaga baadaye, kati ya nyuzi 16 na 20. Kipindi kilicho katikati, kuanzia 8 hadi 14, ndicho ninachokitetea hapa. Samaki yumo ndani ya mita chache kutoka ufuoni, anakula ili apate nguvu ya kutaga, na mtu asiye na mtumbwi anamfikia bila shida.

Vifaa viwe vyepesi kuliko unavyodhani. Fimbo laini ya futi 7 hadi 9, uzi wa paundi 4, yaani usiozidi kilo mbili za mvuto, na ndoano namba 8 kwa krapi au 10 ya shina refu kwa blugili, kwa kuwa mdomo wake ni mdogo na shina refu hukurahisishia kuitoa. Kumbuka namba ikipanda ndoano inapungua. Wapendao ndoano yenye kichwa kizito wachukue ya gramu moja au chini ya hapo. Uzi wa nailoni uliokaa kwenye rili, kigurudumu cha kukunjia uzi, majira yote ya baridi hujikunja kama springi. Uvute mita ishirini na kuunyoosha kwa mkono kabla ya kufunga kitu, la sivyo kila pindo litaficha dalili ya samaki kugusa chambo.

Chambo kiwe kidogo: buu mmoja, kipande cha nyungunyungu cha urefu wa kucha, au kisamaki cha sentimita tatu hadi nne. Samaki wa maji baridi mmeng'enyo wake ni wa polepole, hahitaji kingi wala hakimbizi cha mbali. Nyungunyungu mzima anayening'inia pande zote mbili za ndoano huishia kunyofolewa ncha tu.

Boya ndilo wengi hulikosea. Lile jekundu na jeupe, la mviringo kama limau, linauzwa kila duka na linafukuza krapi, kwa sababu akivuta chambo analihisi linapinga na anakitema. Chukua boya jembamba lenye urefu wa kidole, ongeza chubwi ndogondogo kwenye uzi, sentimita 15 hadi 20 juu ya ndoano, mpaka ibaki ncha tu inayochungulia juu ya maji. Kama liko sawasawa, pumzi ya samaki inatosha kulizamisha. Chubwi za risasi ziachwe dukani. Ndege wa majini humeza chubwi zilizopotea pamoja na changarawe na kufa kwa sumu, na zile za bati zinafanya kazi ileile.

Ndoano iwe sentimita 40 hadi 60 chini ya boya kwenye maji ya mita moja. Macho ya krapi yamekaa kwa namna inayomfanya aone vizuri kilicho juu yake, na hupanda kukifuata chambo. Kilicho chini ya tumbo lake hukipita. Kwa hiyo anzia juu, kisha ushuke sentimita kumi kumi hadi upate kina walichopo. Tupa kupita mahali unapopataka, vuta taratibu hadi penyewe, halafu acha. Hesabu hadi ishirini. Sogeza kwa kiasi cha kiganja, acha tena. Subira hii ndiyo inayowashinda wengi, kwani mikono imeganda na inataka kazi.

Sasa litazame boya lenyewe. Blugili hulidonoadonoa, tik, tik, kisha huzama nalo. Krapi mara nyingi halizamishi. Lile boya lililokuwa limesimama wima linainama pole pole na kulala ubavu juu ya maji, kana kwamba uzi umekatika. Maana yake ni kwamba samaki amekichukua chambo na kupanda nacho, na uzito wa chubwi haulivuti tena. Anayengoja lizame atangoja hadi chambo kitemwe. Likilala tu, kaza uzi ulegevu na inua ncha ya fimbo kwa upole. Usikwanyue kwa nguvu, maana ngozi ya mdomo wa krapi ni nyembamba kama karatasi na ndoano huichana. Kwa sababu hiyohiyo usimnyanyue akining'inia kwa uzi. Weka wavu wa mkono chini yake.

Saa nzuri ni kuanzia saa nane mchana hadi jua kuzama, ambalo katikati ya Aprili huzama karibu saa mbili usiku, hivyo anayetoka kazini saa kumi na moja bado ana muda wa kutosha. Maji ya machipuko huwa maangavu kabla ya mwani kuzidi, kwa hiyo kaa hatua kadhaa nyuma ya ukingo, kivuli chako kisianguke majini, na gatini tembea bila kishindo.

Kuna siku utafanya yote haya na ghuba iwe kimya. Mara nyingi ni kwamba usiku uliotangulia baridi ilirudi. Anga ni la bluu tupu, upepo umegeuka kutoka kaskazini, na kipimajoto kimeshuka nyuzi 3. Samaki hawajaenda mbali: wamerudi kwenye ukingo wa kwanza wa kina, mita 2 hadi 4, nje kidogo ya ghuba. Shusha chambo huko, punguza ukubwa wake, ongeza muda wa kusubiri. Au rudi nyumbani usubiri siku mbili za jua, jambo ambalo mimi huliona la busara zaidi.

Kuhusu usalama sitazunguka. Barafu ya machipuko haikanyagwi, hata ikiwa nene, kwa maana huoza kutoka ndani na kuachia ghafla. Anayeingia kwenye mtumbwi avae jaketi okozi na kulifunga, maana mtu akitumbukia kwenye maji ya nyuzi 8 pumzi hukatika kwa mshtuko na vidole huacha kushika ndani ya dakika chache, hata kwa aliyezaliwa ufukweni na kuogelea kama kambale.

Leseni ni lazima kwa karibu kila mwenye miaka 16 na kuendelea, na mwaka wake huanza Machi 1. Kiwango cha kawaida cha jimbo ni krapi 10 na blugili na ndugu zake 20, lakini maziwa mengi yana viwango vya chini zaidi, hivyo angalia jina la ziwa lako kwenye kijitabu cha kanuni cha mwaka huo. Samaki walioko kwenye friza nyumbani nao wanahesabiwa. Unapoondoka mwaga maji ya ndoo ya chambo pale pale nchi kavu, na nyungunyungu waliobaki watie kwenye takataka: misitu ya Minnesota haina nyungunyungu wa asili, na hao wa dukani wakitoroka hula majani makavu yanayoilinda mimea michanga. Visamaki vya chambo pia havimwagwi ziwani.

Kwa chakula, krapi wa sentimita 22 hadi 25 na blugili wa ukubwa wa kiganja ni bora kuliko wakubwa: zebaki huwa kidogo kwao kuliko kwa paiki na wolai wanaokula samaki wenzao, na nyama yake hukaangika haraka. Blugili dume mkubwa, mwenye kifua cha rangi ya chungwa, mrudishe. Wiki chache mbele, maji yakikaribia nyuzi 20, atachimba kiota kwenye changarawe na kukaa juu ya mayai akiwafukuza walaji, na madume madogo wakiona wakubwa wamekwisha hukomaa mapema na kubaki wadogo, mpaka ziwa lote likawa na blugili wa vidole vitatu.