Msumeno Mfukoni

Kabla hamjanicheka, naomba ijulikane kwamba nilifanya utafiti. Wiki nzima. Nilikuwa na daftari.

Kazi yangu iko Uyole, Mbeya, kwenye ghala la pembejeo, karibu na pale barabara ya Tukuyu inapoachana na barabara kuu. Kwenye barua ya ajira nimeandikwa mtunza stoo. Kwa vitendo mimi ni mtunza stoo, fundi wa printa, fundi wa mizani, mwasha jenereta, na mtu anayeitwa mlango wa choo ukigoma. Sanduku la zana liko mwisho wa uwanja, upande wa pili kabisa. Unavuka, unarudi na bisibisi, unaambiwa siyo hiyo, inatakiwa ya nyota. Unavuka tena. Mwezi wa sita, na baridi ya Uyole inayong'ata masikio mpaka saa nne asubuhi, safari mbili za namna hiyo zinatosha kumfanya mtu aichukie skrubu hata ambayo hajaiona.

Nikaamua kutafuta kifaa kimoja cha kukunja, cha kukaa mfukoni, chenye kila kitu ndani yake.

Hapo ndipo daftari lilipoingia. Nilipanga majina ya zana kwenye ukurasa mmoja, na kila nilipohitaji mojawapo nikapiga kistari. Ijumaa jioni nikahesabu. Kisu cha kukatia kamba za plastiki na selotepu za maboksi ya mbegu: 23. Bisibisi: 11. Mkasi: 8. Plaizi: 4. Kufungulia soda: 3, na zote tatu zilikuwa za babu mlinzi. Tupa: 1, tena ilikuwa kucha yangu. Msumeno: 0. Neno msumeno nililiandika mwenyewe kwa herufi kubwa, nikaliachia nafasi pana kuliko mengine yote, likakaa wiki nzima bila hata kistari kimoja.

Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo. Daftari lilishasema: kijisu, kibisibisi, mkasi, basi. Mimi nikaingia intaneti.

Nikasoma habari za Victorinox, watu wa Uswisi walioanza na karakana ya visu mwaka 1884, na kufika 1891 wakawa wanalipelekea jeshi la nchi yao. Wana kile kidogo chao chekundu, Classic SD, milimita 58, gramu ishirini na kitu, kinaning'inia kwenye funguo. Kina kisu, mkasi, tupa yenye ncha ya bisibisi, kibanio na kijiti cha meno. Nilipokiona kwenye picha nilicheka. Hicho, nikajisemea, ni cha kina mama kuweka kwenye pochi.

Halafu nikakutana na habari za Leatherman, na hapo ndipo nilipopotea. Mmarekani huyo, Tim Leatherman, mwaka 1975 alikuwa anazunguka Ulaya na mkewe kwenye Fiat chakavu, mfukoni ana kisu cha skauti tu. Gari linasumbua, mabomba ya hoteli yanavuja, na kila mara anajikuta anasema laiti kisu hiki kingekuwa na plaizi. Akarudi kwao, akahangaika miaka, na 1983 akaanza kuuza plaizi ya kukunja yenye visu ndani ya mishikio. Nilimwelewa mtu yule kama ndugu. Pikapu ya ghala letu nayo inasumbua, ila mimi imeniachia madeni tu. Ya kwao ninayoitamani inaitwa Wave+, zana 18, gramu 241. Nikatazama bei yake, nikafunga simu. Kwa hela ile Mbeya unanunua mbuzi, na mbuzi anazaa.

Jumamosi nikapanda daladala kwenda sokoni Mwanjelwa.

Muuzaji alikuwa ametandika turubai chini, kajaza tochi, chaja, viwembe, na katikati kabisa, kama bibi harusi, kifaa changu. Jina lililochongwa ubavuni lilifanana na la yule Mmarekani kwa mbali, herufi moja imepungua na mbili zimezidi. Kijana akakikamata, akakitikisa, kikafunguka kama tausi.

"Hii braza hata mti unaangusha," akasema, akanitolea msumeno.

Nimekaa Uyole miaka tisa na sijawahi kuombwa kuangusha mti ghalani. Lakini uone yale meno! Madogo, yamepangana mistari miwili, yanang'aa. Nikapitisha kidole nikasikia raha ambayo siwezi kuieleza. Plaizi nayo ilikuwa na springi, ukiiachia inajitanua yenyewe, na kijana akanieleza kwamba huo ni ubora. Kulikuwa na kiloki cha kuzuia zana zisifunguke ovyo, nikakisukuma, kikasogea. Sikuuliza kama kinazuia kitu. Alianzia 35,000, tukamalizana 18,000. Zana 16. Moja kati ya hizo mpaka leo sijui ni ya nini, na niliowauliza kila mmoja alinipa jibu lake.

Jumatatu kwenye kikao cha asubuhi ikatajwa kwamba mkasi wa ofisi umepotea, meneja anataka kuagiza mwingine. Nikanyanyuka. Nikasema hakuna haja ya kupoteza hela ya ofisi, kuanzia leo mkasi unatembea na mimi. Nikapiga mfuko. Wakapiga makofi kidogo.

Tulikiweka kwenye mizani ya sampuli: gramu 310. Kwa suruali ya mtumba huo ni mzigo. Upande wa kulia ulishuka nikawa natembea kama mtu aliyeficha mawe, ikabidi nitoboe tundu jipya kwenye mkanda. Nililitoboa kwa kifaa hichohicho, kwa ile zana isiyojulikana. Nasema kwa haki: tundu lilitoka safi sana.

Jumatano tukawa na ugeni. Mkurugenzi mpya kutoka makao makuu Dar, mama mtu mzima, anakuja kututembelea kwa mara ya kwanza. Dereva akawa anatutumia ujumbe: tumetoka uwanja wa ndege Songwe. Tuko Mbalizi. Tuko Mafiati, tumeganda nyuma ya malori. Meneja akatupanga mstari getini mapema, na foleni ya Mafiati mnaijua, tukasimama pale zaidi ya nusu saa huku ukungu unatupita magotini. Mimi nimevaa sweta alilonifumia mke wangu, la sufu, mikono mirefu ya kukunja. Baridi ilipozidi nikafanya anachofanya kila mtu mwenye baridi. Nikaingiza mikono mfukoni.

Mle ndani nikasikia *kah*.

Ilikuwa springi. Plaizi imejitanua, na ilipotanuka imeutoa msumeno nje nusu. Nikajaribu kuurudisha kwa kidole gumba. Meno yakashika kitambaa cha mfuko. Nikageuza mkono ili nipate nafasi. Meno yakashika pindo la sweta. Nikavuta. Nikasikia uzi mmoja wa sufu unaachia, taratibu, *tiri-tiri-tiri*, kama mtu anayehesabu hela yangu.

Nikaacha kuvuta.

"Babu," nikamnong'oneza mlinzi, "nimenasa."

Babu mlinzi ni Mnyakyusa wa Rungwe, mstaafu, hana haraka na jambo lolote. Akainama akatazama mfuko wangu kwa makini, akapima.

"Umenasa wapi, mwanangu?"

"Mfukoni. Sweta limeshikwa na msumeno."

"Mfukoni una msumeno?"

"Ndiyo."

"Wa nini?"

Sikuwa na jibu. Akakamata kiwiko changu akavuta mara moja kwa nguvu za uzee wake, na sweta likapungua kama sentimita tano. Nikamwomba aache. Dada wa mapokezi akaja mbio, akasema kata tu hizo nyuzi, leteni mkasi. Kisha akanyamaza. Wote wakanyamaza. Halafu wakanigeukia pamoja, na nikaona kila mmoja anakumbuka kikao cha Jumatatu.

"Kaka," dada akasema polepole, "mkasi si uko humohumo?"

Gari likapiga honi.

Mjue hali yenyewe. Mkono wa kulia, ndani ya mfuko mpaka juu ya kifundo. Mbele yangu anashuka mkubwa wa kazi ambaye ana umri wa mama yangu mzazi, na anaanza kumpa mkono mtu mmoja baada ya mwingine. Kusimama na mkono mfukoni mbele ya mtu kama huyo, kwa malezi niliyopewa mimi, ni bora ulale chini. Kumpa wa kushoto ni bora usizaliwe.

Akafika kwangu. Akanyoosha mkono.

"Shikamoo mama," nikasema, nikainama sana nikitumaini heshima ya mgongo itafidia. Nilivyoinama mfuko ukavutika na uzi ukaachia tena. *Tiri-tiri.*

"Marahaba." Mkono wake bado uko hewani. Meneja nyuma yake ananitolea macho ambayo nilikuwa sijawahi kujua kama anayo. "Mkono una shida gani, baba?"

"Unauma, mama. Niliungua. Na uji."

Sijui uji ulitoka wapi. Uso wa yule mama ukabadilika ukawa wa huruma kabisa. "Pole! Hebu nione, pengine tukupeleke hospitali."

"Mama, huyu haumwi," babu mlinzi akasema kwa sauti yake ya getini, ile ambayo dereva wa lori anaisikia akiwa amefunga vioo. "Ameshikwa na msumeno."

Kimya kilichofuata niliweza kuwasikia kuku wa jirani.

Ikabidi nieleze. Nilieleza yote: daftari, vistari, Mwanjelwa, springi. Mtu akiwa mkono mfukoni hawezi kujitetea vizuri, maana huwezi kupunga. Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, akafungua mkoba, akatoa funguo zake. Kwenye ringi ya funguo kilining'inia kitu chekundu, kirefu kama kidole changu kidogo.

Akafungua kimkasi kwa ukucha.

"Simama vizuri," akasema. "Hiki kwenye ndege nilikiweka kwenye begi la chini, wasininyang'anye. Ningekiacha nyumbani leo ungelala hapa."

Akakata. *Kri, kri, kri.* Nyuzi sita au saba za sufu, kisha akapasua ukingo wa mfuko, kwa utulivu, kama anamkata mtoto kucha. Mkono ukatoka. Nyuma yake kikaanguka kifaa changu, *pwaa*, kwenye changarawe, kimetanuka zana zote 16. Sasa ndipo kikafunguka chote.

Akainama kukitazama. Akashika ncha ya msumeno kwa vidole viwili.

"Huu ulikuwa wa kukatia nini?"

"Bado sijapata, mama."

Akanipa mkono hapohapo. Nikaupokea kwa mikono yote miwili, wa kulia ukiwa na sweta lililoishia karibu na kiwiko na uzi mmoja unaning'inia mpaka gotini. Ndipo akacheka, na meneja naye akapata ruhusa ya kupumua.

Ya nyumbani nisiyaeleze sana. Mke wangu aliukunjua mkono wa sweta mezani, akaupima na ule mwingine, akaniuliza kama nilipigana. Nilipomwambia ukweli akasema afadhali ningepigana. Mkasi wa ofisi uliagizwa Alhamisi. Kifaa nilimwachia babu, anakiweka juu ya kitabu cha wageni upepo wa mchana usikifunuefunue, na kwa uzito ule hakijawahi kumwangusha.

Ijumaa niliingia stoo nikachukua daftari ili nichane ule ukurasa. Nikakuta mtu ameshaufungua kabla yangu. Kwenye nafasi ile pana niliyoiacha, mbele ya neno Msumeno, sifuri ilikuwa imekatwa, na pembeni yake kumepigwa kistari kimoja kinene, kwa peni nyekundu ya kitabu cha wageni.