Roboti Lililopandisha Kibuki

Mtoto wa dada yangu anasomesha skuli moja ya Wete, Pemba, na usiku anaandika. Mwezi uliopita alinitumia hadithi fupi kwenye simu. Mwaka ni 2090, bahari imemeza nusu ya Kisiwa Panza, na hapo hakuhitaji kubuni sana, maana maji ya chumvi yamekwisha kuingia kwenye mabonde ya mpunga huko na sisi tuko hai tunaona. Kampuni ya kigeni inaleta roboti la kupiga mbizi liokote kilichobaki chini. Siku ya tatu roboti linatoka majini, linajikalia ufukweni, halisikii amri ya mtu. Mafundi wanalifungua, wanalifunga, kasoro hawaioni. Mwisho anaitwa bibi mmoja, anakuja na chetezo chake, analifukiza udi, kisha analiuliza kama anavyoulizwa yeyote aliyepandisha: we nani, watoka wapi, wataka nini? Roboti linajibu kwa Kibuki, lugha ya wale pepo wa Bukini, yaani Madagaska, tunaowaita vibuki. Linataka brandi.

Nilicheka peke yangu mpaka watu wa nyumbani wakaja kuniangalia. Chini ya hadithi ameandika: "Mjomba, nataka kuifasiri niipeleke kwenye magazeti ya Marekani, yale ambayo hadithi zake hushinda Hugo. Nipeleke au niache?"

Suala hilo nikalipeleka barazani baada ya sala ya alasiri, na mpaka leo halijaisha.

Kwa asiyezijua tuzo hizi: wenzetu wanaoandika kwa Kiingereza wana ulimwengu mzima wa hadithi za kubuni za sayansi na za maajabu, una magazeti yake, mikutano yake na ugomvi wake. Tuzo ya Hugo imeanza 1953, na jina lake ni la Hugo Gernsback, aliyeanzisha gazeti la Amazing Stories mwaka 1926. Wanaopiga kura ni wanachama wa mkutano wa dunia wa mashabiki. Nebula imeanza kutolewa 1966, na hiyo huamuliwa na waandishi wenyewe katika chama chao cha Marekani. Jambo linalonipendeza ni kwamba hadithi fupi kwao si mtoto wa kambo wa riwaya. Hugo ina tuzo ya hadithi isiyofika maneno 7,500, ya pili mpaka 17,500, ya tatu mpaka 40,000, ndipo inakuja riwaya. Ursula K. Le Guin, Octavia Butler na Ted Chiang wote wametia Hugo mkononi kwa hadithi ambayo mtu anaimaliza kabla chai haijapoa.

Waliosema apeleke wana hoja nzito, tena ya kwanza ni ya hapa hapa Unguja. Mohammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishika nafasi ya kwanza katika shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la 1957–58, lililoendeshwa na shirika la vitabu la Afrika Mashariki la zama za mkoloni. Hadithi ile ilitoka kitabu mwaka 1960, ndiyo Mzimu wa Watu wa Kale, na Bwana Msa, yule mpelelezi, na kiko chake wakaingia majumbani mwetu wasitoke tena. Pengine angeandika tu hata bila ya shindano. Lakini muswada usio na pa kwenda hubaki kwenye mtoto wa meza, na mende hawana tuzo.

Hoja ya pili ni ya jirani. Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa ameandika The House of Rust, kisa cha msichana anayeingia baharini kwa chombo cha mifupa, pamoja na paka anayesema, kumtafuta babake mvuvi. Mwaka 2022 kitabu hicho kilipata tuzo ya Ursula K. Le Guin, ndiyo kwanza inatolewa, yenye dola 25,000. Ni riwaya, si hadithi fupi, na imeandikwa kwa Kiingereza. Lakini bahari ile ni yetu, na wale wanawake wanaojua kila kitu cha kila mtu tunawajua kwa sauti.

Ya tatu ni ya Wachina. Mwaka 2015 Liu Cixin alikuwa wa kwanza kushinda Hugo ya riwaya kwa kitabu kilichofasiriwa, na mwaka uliofuata Hao Jingfang akaichukua ya hadithi ya kati kwa "Folding Beijing". Zote mbili zimefasiriwa na mtu mmoja, Ken Liu. Mwenye hoja hii, mwalimu mstaafu asiyependa kushindwa, akagonga baraza kwa kiganja: "Mnasikia? Mlango haukukomewa. Sisi hatuna mfasiri wa kuusukuma."

Pesa nazo zilitajwa, kwa sauti ya chini kidogo. Mwaka 2019 chama cha waandishi cha Marekani kiliweka senti 8 za dola kwa kila neno kuwa kiwango cha chini cha gazeti linalohesabiwa kuwa la waandishi wa kazi. Piga hesabu hadithi ya maneno 7,000: dola 560. Kwa mwalimu wa skuli hizo si pesa za kununulia urojo.

Waliosema aache hawakuanza na lugha kama nilivyodhani. Alianza mzee mmoja mwenye duka, ambaye nilimsomea hadithi yote, akauliza: "Umesema hadithi ya kubuni. Kipi cha kubuni hapo, roboti au kibuki?"

Hapo baraza ilinyamaza, kwa sababu suala lenyewe lina kina. Kwa mhariri wa New York roboti la kupiga mbizi ni jambo la kawaida, kibuki ndiye wa kubuni. Kwa bibi wa Wete ni kinyume chake. Majini kwetu si mapambo ya hadithi. Sura ya 72 ya Qur'ani ni Sura ya Majini, na anayeisoma haisomi kama ngano. Mwaka 1995 ilipozuka habari ya Popobawa, jini la kuvamia watu usiku majumbani, huko Pemba, kisha ikavuka mpaka Unguja, watu walitoa mikeka wakalala nje. Ukiandika leo kisa cha usiku ule, gazeti la Marekani litakiweka kwenye kapu la njozi. Aliyelala nje na watoto wake atakuuliza njozi gani. Neno lenyewe hili la "njozi", ambalo baadhi yetu tunalitumia kwa hadithi za aina hii, kwetu linaweza kuwa ndoto ya kweli, ya mtu mwema, yenye ujumbe. Tumelichukua kwa haraka.

Mzee yule aliongeza kwamba kumfanyia kibuki mzaha mbele ya watu wasiomjua si adabu. Mie sikubaliani naye hapo. Vibuki wenyewe wana mzaha kuliko sisi, muulize yeyote aliyehudhuria ngoma yao. Lakini nilimuelewa. Tuzo inayoainisha hadithi kwa kigezo cha "haliwezekani" inakuja na jawabu lake kuhusu kinachowezekana, na mwandishi akiingia humo anaanza kujiangalia kwa macho ya wageni. Kibuki aliyekuwa jirani anakuwa kitu cha ajabu cha kuuzia.

Lugha ilikuja baadaye, na hapa nina ushahidi, kwa sababu ile tafsiri tuliifanya pamoja kwa simu, usiku tatu mfululizo. Taabu ya kwanza: Kiingereza kina neno moja, na ndani yake ulazimike kumtia jini, shetani, mzimu, ruhani, rubamba na kibuki, kama abiria wa gari la shamba siku ya gulio. Kibuki atokaye Bukini na rubamba wa Pemba hawali chakula kimoja, hawavai rangi moja, hawasemi lugha moja. Ukiwaita kwa jina moja umewafuta wote.

Taabu ya pili ilituchekesha. Bibi anasema roboti ni "kiti" cha kibuki, yaani ndilo alilolipanda. Mpwa wangu akatia neno la Kiingereza la kitu cha kukalia. Akampa rafiki yake wa Uingereza aisome, rafiki akamuandikia kwa upole kwamba hakufahamu kwa nini roboti limegeuka fanicha.

Ya tatu ilikuwa ya hesabu. Kiswahili kinafunga sentensi nzima katika neno moja: "nisingelimtambua" ni neno moja kwetu, kwao ni matano au sita. Hadithi ya maneno 6,150 ya Kiswahili ilipovuka ikawa maneno 7,900. Imetoka kwenye hadithi fupi imeingia kwenye hadithi ya kati, bila ya kuongezwa kitu hata punje.

Na kuna mambo ya wapiga kura. Mkutano wa Hugo, kuanzia ule wa kwanza wa New York mwaka 1939 mpaka wa Seattle mwaka 2025, haujafanyika Afrika hata mara moja. Anayepiga kura ni aliyelipa ada ya uanachama. Mwaka 2015 makundi mawili yalipanga kura zao kwa pamoja, wengine wakakasirika, na tuzo ya hadithi fupi mwaka huo haikupewa mtu. Mkutano wa Chengdu wa 2023 ulikuja kujulikana baadaye kuwa baadhi ya waandishi waliondolewa kwenye orodha bila ya sababu kutajwa. Mizani gani hiyo, akauliza mmoja. Mwalimu mstaafu akamjibu kwamba mizani ya soko la Darajani nayo ina mkono wa mtu, na bado tunakula.

Mimi nimeyumba huku na huku. Kilichonitoa kwenye upande wa "aache" ni Nnedi Okorafor, Mmarekani wa wazazi wa Kiigbo, aliyepata Nebula kisha Hugo ya mwaka 2016 kwa Binti. Msomaji wa Zanzibar akiliona jina hilo kwanza anatabasamu: binti nani? Kwetu neno hilo halisimami peke yake, lazima lifuatwe na jina la baba, kama kwenye hati ya shamba. Kwake ni jina la msichana wa Kihimba wa Namibia anayeondoka kwa siri kwenda chuo kikuu cha sayari nyengine, na ngozi yake kaipaka udongo mwekundu wa kwao. Udongo ule haelezi sana. Anaupaka tu, unamkauka, unambanduka, anauhitaji tena. Niliposoma nilimkumbuka shangazi yangu aliyekwenda kusoma Ulaya na kopo la liwa ndani ya sanduku. Okorafor hakumuomba msomaji radhi, na tuzo mbili zikaja vivyo hivyo.

Kilichonirudisha kwenye upande wa mzee wa duka ni Ken Liu yule yule mfasiri, safari hii kwa hadithi yake mwenyewe, "The Paper Menagerie" ya 2011, ya kwanza katika historia kupata Hugo, Nebula na World Fantasy zote pamoja. Mama wa Kichina huko Marekani anakunja wanyama wa karatasi wanaopata uhai. Mtoto anakua anaikataa lugha yake. Mama akishakufa, mtoto anakuta barua imeandikwa ndani ya karatasi ya chui milia, na inabidi atafute mtu wa kumsomea. Hadithi ya kulilia lugha iliyopotea imeshinda kila kitu kwa lugha iliyoipoteza. Sijui nicheke au nini. Waandishi wetu wangapi wanaelekea huko?

Rai yangu, baada ya yote, nilimwambia hivi: peleka, lakini usimsafishe kibuki. Na usidhani tatizo letu ni Hugo. Tuna tuzo ya Kiswahili tangu 2015, iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell na baadaye ikawa Safal-Cornell. Mpemba wetu Mohammed Ghassani ameipata kwa ushairi mwaka ule wa kwanza, na Zainab Alwi Baharoon kwa riwaya mwaka 2018. Nzuri sana, lakini inataka muswada wa kitabu kizima. Kijana mwenye maneno 6,150 aende wapi? Said Ahmed Mohamed amefufua babu mtu katika Babu Alipofufuka, na hakuna aliyemuuliza ni kapu gani. Kwa Kiswahili mauzauza na mambo ya kweli yanalala chumba kimoja siku zote. Fani tunayo. Tusichokuwa nacho ni gazeti linalolipa hadithi moja, mhariri wa kuirudisha na alama za wino, na wafasiri wawili watatu wa namna ya Ken Liu. Riwaya ya Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar hapa hapa, imetufikia kwa Kiswahili 2022, miaka 28 baada ya kutoka kwa Kiingereza.

Ilibaki kupunguza maneno. Kwanza alikata masuala ya bibi kwa roboti. Nilimpigia simu saa tano za usiku nikamgombeza. Akayarejesha. Badala yake akakata maelezo: ngalawa ni chombo gani, udi unatokana na nini, Bukini iko wapi. "Kiti" akakiacha kwa Kiswahili, bila ya kukifafanua. Ikashuka mpaka 7,430.

Ameipeleka Jumatatu. Ile ya Kiswahili bado imo kwenye simu yangu, na jana usiku mama, yaani bibi yake, alitaka asomewe tena pale roboti linapoomba brandi. Alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, kisha akauliza imetoka gazeti gani, kesho amtume mtoto akamnunulie.

Nikamwambia haijatoka.